Injini Iliyokataa Kupoa

Mnunuzi alifika saa kumi na mbili asubuhi, na hodi hakupiga. Alisukuma geti, akapita ubavuni mwa lori bila kutazama rangi wala matairi, akaenda moja kwa moja mbele. Akainua boneti, akaweka kiganja juu ya injini na kukiacha hapo kama daktari anayepima homa. Alipokitoa alikifuta kwenye suruali, ndipo akamgeukia dereva, mwenye lori.

"Ya moto," alisema.

"Haiwezi kuwa ya moto. Sijaiwasha tangu jana mchana."

"Njoo uguse mwenyewe."

Dereva aligusa. Kweli, ilikuwa na joto. Si la kuunguza, bali joto la sufuria iliyoepuliwa kitambo. Akagusa tena upande wa pili, hali ni ile ile.

Mnunuzi huyu watu walimwita Baridi, na jina hilo hakulipata kwa upole. Hanunui gari lolote mpaka aone linavyowaka likiwa baridi. Wauza magari wote wanaujua mchezo: una dizeli lako kuukuu linalofuka kama tanuri la mkaa, unaamka mapema, unalipasha moto, uchafu wote unatoka kabla mteja hajatia mguu. Akifika, bomba linatoa kamoshi kembamba utadhani ni gari la waziri. Baridi alishaliwa hivyo ujanani, hakutaka kuliwa tena. Tena kule anakofanyia kazi sheria ya moshi ilikuwa imekazwa mwaka huo. Malori ya zamani yanalala foleni nje ya kituo cha kupimia, alfajiri yanawashwa moja moja mbele ya mpimaji, yakiwa baridi. Likifuka, namba zinang'olewa pale pale.

Na isitoshe, Baridi alikuwa shemeji yake dereva. Yaani, aliwahi kuwa.

"Shemeji, naapa mimi sija..."

"Usiniapie. Na hilo neno shemeji kalimeze. Nyumba hii ina ugonjwa wa injini za moto, na mimi nilishaumwa nao mara moja." Akavuta kreti tupu la soda, akaligeuza na kuketi juu yake, katikati ya ua wa watu. "Nitakaa hapa mpaka ipoe. Ikipoa tutaiwasha, tuone hilo bikizee lako linatema nini."

Dereva angemfukuza, kama si Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumatano. Ijumaa saa tisa alasiri ofisi ya usajili ingefunga kabisa uhamisho wa malori yaliyozidi miaka ishirini, na bikizee lilikuwa na ishirini na tatu. Kiwanda cha saruji kilichompa mizigo kilishamwambia lori la umri ule lisionekane tena getini kwao. Lisipouzwa kabla ya Ijumaa, lilikuwa la kukatwakatwa na kuuzwa chuma chakavu, na yeye akaombe kazi ya kuendesha magari ya wengine, mtu mzima mwenye mvi. Mnunuzi mwingine hakuwapo. Alishatafuta mpaka viatu vikalika visigino.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba lori lilikuwa zima. Nozeli za kupulizia dizeli alizisafisha mwenyewe, pampu aliipeleka ikapimwa, chujio la hewa jipya. Likiwa baridi lingewaka bila kufuka, alikuwa na hakika. Hakuwa na sababu yoyote ya kulipasha moto. Sasa anaonekana mwongo kwa kosa ambalo hata hakulihitaji. Loo, alichukia.

Dada yake alitoka jikoni na kikombe cha chai, akakiweka chini, hatua mbili mbali na kreti, ili Baridi akitaka ainuke. Hakumsalimu. Baridi naye hakusema asante. Wawili hawa walilala kitanda kimoja miaka kumi na miwili, na sasa walitazamana kama watu wanaogombania kiwanja.

"Bado uko hapa?" Baridi aliuliza.

"Ulitaka niwe wapi? Ulinirudisha mwenyewe, na masanduku ukayapanga."

Akaingia ndani, akasonya akiwa mlangoni ili sauti ifike.

Kisa chao kila mtu mtaani alikijua. Miaka sita nyuma, mume na mke walipita hapa wakiwa safarini, wakalala usiku mmoja, na lori la Baridi, jipya wakati ule, likaegeshwa uani. Jioni Baridi alilibadilishia oili kwa mikono yake. Jioni hiyo hiyo wakaanza kugombana, mpaka usiku, ugomvi mkubwa, wa kusikika. Asubuhi Baridi akashika boneti, ikawa ya moto. Akamwita dereva naye ashike. Akashika. Kisha Baridi akaondoka na hasira zake, na hata barabara kuu hakuifikia. Injini ilikwama, haina tone la oili. Baridi akasema mkewe aliamka usiku, akamwaga oili, akaiwasha injini na kuiacha ijiue, ili kumkomoa. Kwamba hakuna aliyesikia mlio haikushangaza mtu, maana kiwanda cha mikate cha jirani hunguruma usiku kucha na mashine zake za kukanda unga.

Familia zikakaa kikao. Dereva aliulizwa swali moja tu: ulishika boneti? Nilishika. Ilikuwaje? Ya moto. Basi, kesi ikaisha hapo. Dada akarudi kwao na jina jipya, Muua Injini, na kaka yake akampa chumba cha nyuma. Tangu hapo anapika, anafua, anapiga pasi. Dereva hakuwahi kumtajia jambo lile hata siku moja, na kwa kutolitaja huko alijiona mwema sana.

Saa mbili Baridi aliinuka, akagusa injini. Ya moto. Akarudi kwenye kreti.

Saa nne akagusa tena. Ya moto vile vile. "Uliipika kwa siku ngapi hii?" aliuliza. "Uliamka saa ngapi wewe, saa nane za usiku?"

"Nimekwambia sikuiwasha."

"Dada yako naye alisema hivyo hivyo."

Dereva alikunja ngumi, akaikunjua. Akaifikiria Ijumaa. Alikwenda kutafuta pa kusimama mbali na mtu yule, na kivuli kilichobaki kilikuwa kule mbele ya lori, kwenye uchochoro mwembamba kati ya pua ya gari na ukuta wa kiwanda cha mikate. Kwa kawaida lori hulala kando ya uzio. Jana ndiyo kwanza aliliegesha huku, pua ukutani na mkia getini, ili mnunuzi akiingia tu alione bomba la moshi. Alijipenyeza, akaegemea ukuta. Akaruka.

Mgongo ulikuwa umepata moto. Akaweka kiganja juu ya matofali, akakisogeza, akakiweka tena. Ukuta wote, kuanzia kiunoni kwenda chini, ulikuwa na joto la kukausha nguo. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na tanuri lenyewe la mikate, linalowaka tangu usiku hadi adhuhuri. Na pua ya lori ilikuwa imekaa hapo tangu jana, nusu hatua kutoka kwenye moto.

Kwanza alifurahi. Alitaka kupiga kelele kwamba si mwongo, njooni muone. Kisha akakumbuka lori la Baridi lililala wapi usiku ule. Bikizee lilikuwa kando ya uzio, mahali pake. Lile jipya liliingizwa huku kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Pua ukutani. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwelekeza Baridi kwa mkono, njoo, njoo, hapo hapo.

"Umepotelea wapi?" Baridi alikuwa amemfuata. Alimwona alivyoshika ukuta, naye akaushika. Baridi si mjinga, hata adui yake hajawahi kumsingizia ujinga. Alibaki ameushika kwa muda mrefu, na uso ukamshuka polepole. Alipofungua mdomo, sauti ilikuwa ndogo.

"Sikiliza. Kalamu ninayo. Nasaini sasa hivi, bei yako ile ile uliyotaka. Siwashi, sipimi. Kesho asubuhi tuko ofisini, mambo yamekwisha. Ila ukuta huu, mimi na wewe hatujauona."

Msimcheke dereva. Aliichukua ile kalamu. Aliwaza kiwanda cha saruji, akawaza mvi zake, akawaza kwamba miaka sita imeshapita na dada yake ameshazoea. Ndiyo, aliwaza hivyo, ameshazoea. Baridi alifunga boneti, akatandaza karatasi juu yake, na dereva akaweka kiganja cha kushoto ili upepo usizipeperushe. Joto likapanda kupitia karatasi, likaingia kiganjani. Joto lile lile. Aliwahi kulishika hapa hapa, akatoka nalo, akaenda kuwaambia watu.

Akaweka kalamu chini.

"Dada," aliita. "Hebu njoo huku."

"Wewe una wazimu," Baridi alisema. "Ijumaa utakuja kunipigia magoti."

Dada alikuja akikausha mikono kwenye kanga. Dereva alimwambia aguse ukuta. Hakuugusa.

"Naujua," alisema.

"Unaujua tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza nilizokaa hapa. Nguo zako ulidhani zinakaushwa na nani, malaika?"

Hapo dereva akakumbuka jambo jingine. Wazo la kuegesha huku halikuwa lake. Jana, akiwa anahangaika na usukani, dada yake alisimama mlangoni akamwambia, liweke pale, mkia getini, mtu aone bomba. Naye alikuwa ameshaianua kamba yake ya nguo pale ukutani.

"Huu ni mtego," Baridi alisema. "Miaka sita mwanamke anakaa anasuka mtego. Ukuta kuwa na moto ndiyo nini? Injini yangu ilikufa. Oili ilikwenda wapi?"

"Nati ya chini, ya kumwagia oili," dada alisema, bila hata kumtazama. "Jioni ile tulipoanza kugombana ulikuwa chini ya lori, na spana mkononi. Ukatoka kuja kunijibu. Ulirudi kuikaza?"

Baridi alitazama kreti, akatazama geti. Alikusanya karatasi zake, mbili zikaanguka, akaziokota akiwa amewapa kisogo. Pole hakusema. Alitoka akaacha geti wazi, na muda mfupi baadaye wakasikia gari lake likiondoka kwa kasi isiyo ya lazima.

Dereva alibaki amesimama. Lori lake, kuanzia saa ile, lilikuwa chuma chakavu. Alimgeukia dada yake, na sitaficha, alitegemea ashukuriwe.

"Umeona? Nimemwacha aende. Nimelitupa lori kwa ajili yako."

"Kalamu uliishika. Nilikuwa dirishani."

Hilo lilimpata. Akainamisha kichwa, akatafuta pa kujishikiza. "Lakini dada, ilikuwa ya moto kweli. Mimi sikudanganya."

"Hukudanganya." Sauti yake ilikuwa kavu, haikupanda wala kushuka. "Waliuliza wewe ukajibu. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni, nimeshika birika, nikakungoja ugeuke. Nikasema huyu ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja, ataniuliza. Ukamaliza kujibu, ukanawa mikono, ukala. Yule mwingine nilimzoea, alinipakazia kwa hasira na sasa hasira zake namwachia mwenyewe. Wewe hukuwa hata na hasira."

"Ungeniambia habari ya ukuta. Miaka yote hii."

"Ningekuambia ungesema natafuta kisingizio, na ungesema hivyo kwa upole, kama kawaida yako. Nilitaka mkono wako wenyewe ukuambie. Ndio uliokuwa ukiuamini."

Dereva aliona haya, haya hasa, mpaka masikio yakapata joto. Alitamani amtukane, amalize, waanze upya wakiwa sawasawa. Hakumtukana.

"Basi niulize," dada yake alisema. "Sasa hivi. Hujawahi kuniuliza."

Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa akipakua mikate, trei zikigongana.

"Dada," alisema. "Usiku ule, uliiwasha ile injini?"

"Sikuiwasha."

Sauti yake, iliyokuwa kavu tangu asubuhi, ilikatika katikati ya neno lile. Akageuza uso, kisha akaenda kuokota kikombe cha Baridi, ambacho hakikuguswa, akamwaga chai kwenye mfereji. Akiwa mlangoni alimwambia kaka yake aliondoe lori pale, maana ana nguo za kuanika.