Shitingi ya Mama Verdiane

Umegeuza uso tena. Kambi ya Lushebere unaipita kwa pikipiki ukitazama ng'ombe wa mlimani, lakini zile filamu za bei rahisi za mwisho wa dunia umezitazama hadi maneno yote unayajua.

Mimi sijasahau. Vijana wa filamu walipofika kambini na kamera yao moja, walimkuta Mama Verdiane, aliyekimbia vita Nyabiondo, akipika mbele ya kibanda chake.

"Mama, hapa njo pazuri. Kwa filamu yetu dunia imeisha, wewe umebakia peke yako."

"Imeisha?" akacheka. "Na maharagi yangu ya Nyabiondo, nani atavuna?"

Wakacheka naye. Kisha wakaishusha shitingi, lile turubai la plastiki aliloezekea kibanda, wakaipasua ili ionekane imechakaa zaidi, na walipomaliza kupiga filamu wakaondoka nayo.

"Kaka, munarudisha lini?"

"Kesho, Mama."

Kesho hiyo haijafika. Verdiane na wajukuu wake wanalala chini ya majani ya migomba, na mvua ya Masisi unaijua. Shitingi yenyewe imetundikwa ukutani mwa ukumbi wenu wa video, nanyi mashabiki mnasukumana kupiga picha mbele yake: "Angalia, iko kama ya kweli!"

Ni ya kweli, wewe! Inuka kwenye hicho kiti sasa hivi. Ishushe, ikunje, uirudishe Lushebere kabla mvua ya leo haijaanza. Palipopasuka atashona mwenyewe.