Lita Moja ya Mafuta ya Nazi

Ilikuwa siku ya nne tangu Mwanasiti awekwe ndani kungoja harusi yake, pale Bungu. Habiba, somo wake wa kumfunda, alikuwa ndani pamoja naye, maana somo hamwachi mwali wake. Kila asubuhi alimwogesha kwa sabuni ya mafuta ya nazi aliyoitengeneza mwenyewe, kisha akamsinga kwa liwa, unga wa mti wa manukato wa kusugulia mwili.

Asubuhi hiyo shingo ya binti ilikuwa imechubuka, na mikono imeiva kwa wekundu.

"Somo, inachoma kama pilipili," alisema.

Biasha, mama mtu, alipoitwa aliinusa liwa, akaimwaga uani. "Mbovu hii. Kuanzia leo sabuni yako tu, Habiba. Mara mbili kwa siku. Hiyo haina dawa kali."

"Sawa, dada," Habiba aliitikia.

Mlango ulipofungwa, aligusa kipande cha sabuni kwa ncha ya ulimi. Kilimchoma mpaka akatema mate. Kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ilikuwa imezidi. Lakini ilizidi vipi? Alifuata kipimo alichofundishwa kwenye mafunzo ya sabuni kule Kibiti, na kostiki aliipima kwa mizani, gramu kwa gramu. Mafuta ndiyo aliyapima kwa madumu: palipoandikwa kilo tano, yeye alimimina lita tano.

Aliomba mizani ya jikoni, akasema anataka kupima liwa mpya. Akaweka chupa tupu ya lita moja, akasoma. Akaijaza mafuta ya nazi ya kumkandia Mwanasiti, akasoma tena, akatoa uzito wa chupa. Gramu mia tisa na ishirini. Akarudia, mizani ikamjibu vilevile. Katika kila lita zilipungua gramu themanini kufika kilo. Katika lita tano, gramu mia nne. Mafuta hayakutosha kuimaliza kostiki, na iliyobaki ilikuwa shingoni mwa mtoto wa watu.

Alitamani kutoka. Lakini angetoka vipi? Uani wanawake walikuwa wanachambua mchele, na kila mmoja angemuuliza amemwacha mwali na nani. Akinyamaza, jioni ataletewa maji ya moto na kuambiwa amwogeshe.

Maji yalikuja alasiri, na Biasha mwenyewe ndiye aliyebeba ndoo. Mwanasiti aliitazama sabuni, machozi yakamlengalenga, akanyoosha mkono hivyohivyo kwa utii.

"Basi," Habiba alisema. "Dada, si liwa. Ni sabuni yangu. Nilidhani lita moja ya mafuta ni kilo moja. Si kilo."

Biasha aliitua ndoo polepole. "Tangu lini umejua?"

"Tangu asubuhi."

"Na ukakaa kimya, mwanangu akiwashwa?"

Habiba aliiweka sabuni pembeni. Alipoomba ruhusa aende kwake, Biasha alisimama mlangoni. "Huendi. Umemuunguza, utamuuguza. Utatoka siku atakayotoka yeye."

Tereza, muuguzi, alikuja akaagiza maji safi kwa wingi na dawa ya kupaka. Harusi ikasogezwa wiki mbili. Habiba aliwapigia simu wateja wake wa sabuni kule Mkongo, mmoja baada ya mwingine, akiwaambia wasiitumie ile sabuni. Chakula chake kiliwekwa kizingitini bila hodi wala salamu. Siku nzima alichovya kitambaa majini, akakikamua, akakilaza juu ya shingo ile, na Mwanasiti, ambaye hakumlaumu hata kwa neno moja, aligeuza uso ukutani.