Mtu wa Maji Ukutani

Binti yao alizaliwa mimba ikiwa na miezi sita na ushei. Bibi yake alipomwona alisema, "Hii ni punje," na jina likaganda. Mama alikuwa hoi kitandani, kwa hiyo muuguzi akamgeukia baba.

"Fungua shati, baba. Leo wewe ndiye blanketi."

Baba Punje alikuwa fundi rangi, mtu wa kupanda ngazi ndefu bila wasiwasi; siku hiyo alifungua vifungo kimoja kimoja, kwa woga. Alifungiwa mtoto kifuani kwa shuka, ngozi kwa ngozi, akakaa akisikiliza pumzi nyepesi kama ya kifaranga.

Punje aliishi. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, akachelewa kusema, ingawa aliposema hakunyamaza tena. Kilichogoma ni mkono. Kule chekechea wenzake walichora nyumba na jua na akina mama wenye nywele wima. Yeye penseli ilimponyoka, na karatasi yake ikajaa vurugu kama uzi uliotafunwa na cherehani. Mama yake alikuwa mshonaji, uzi wa namna hiyo aliujua. Alizikunja zile karatasi akazificha chini ya vitambaa.

"Huyo alikimbia sana kuja duniani," bibi alisema. "Mwacheni apumue."

Lakini mama hakupumua. Akampeleka kwa mtaalamu wa watoto waliozaliwa njiti, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliyemwekea Punje karatasi mezani.

"Nichoree mtu, mwanangu."

Punje alichora vurugu lake. Mtaalamu aliligeuza huku na huku, akalitazama kama mtu anayesoma.

"Hapa alikuwa anazunguka," alisema, kidole kikifuata mstari. "Hapa akataka kurudi alikoanzia, akapotea njia. Mtu yumo kichwani mwake, mama. Mkono ndio haujamfikia. Mpeni nafasi kubwa: ukuta, sakafu, popote. Bega lizoee kwanza, vidole vitafuata."

Basi baba akampa brashi yake pana na ndoo ya maji, akamwonyesha ukuta wa nyuma wa nyumba, saruji tupu. Maji yaliacha alama nyeusi, jua likazilamba. Punje alipaka tena na tena, nguo zimelowa chepechepe.

"Jirani, siku hizi mnapaka maji?" mtu wa nyumba ya pili alichungulia. "Rangi imewashinda?"

"Hii haibanduki," baba akamjibu.

Miezi ikapita. Alasiri moja baba alikuwa ameketi akiosha vifaa vyake aliposikia kwamba Punje amenyamaza. Akainua macho. Mstari ulikuwa umepanda, ukapinda, ukateremka, na sasa ulikuwa unarudi polepole kwenye mwanzo wake. Ukagusa. Duara likafunga.

Baba aliiweka chini brashi aliyokuwa akiiosha. Punje akatia nukta mbili ndani ya duara. Akarudi nyuma hatua moja, akashtuka, akacheka. Kisha akashusha miguu miwili mirefu kutoka kidevuni, na mikono ikachomoza pale penye masikio.

"Mama Punje! Njoo haraka, jua linammaliza!"

Mama alitoka mbio, futi ikining'inia shingoni. Mguu mmoja ulikuwa umeshaanza kufifia. Akapiga magoti palepale kwenye tope.

"Ni nani huyo, mwanangu?"

"Mtu," Punje alisema kwa mnong'ono. "Ananiangalia."

Wakabaki pale watatu, wakimtazama yule mtu naye akiwatazama. Miguu ikaisha, ikaisha mikono. Macho ndiyo yalibaki mwisho. Mama alilia bila sauti, na hakujua analia nini, maana huzuni haikuwa hiyo.

Waliporudi kwa mtaalamu, Punje alilala kifudifudi sakafuni akachora kwa kalamu nene, na mtu akatokea vilevile, kichwa chenye miguu.

"Hivi ndivyo watoto wengi huanza," mtaalamu alisema. "Wa mbali na wa karibu, na hakuna anayewafundisha. Naye kaipita njia ileile, kwa mwendo wake."

Baba alivua kofia. "Yaani tangu kifuani pale alikuwa safarini?"

"Safarini, baba."

Chini, Punje alikuwa ameukunja uso. Mtu wake alikosa kitu. Akaanza kumchorea tumbo.