Mbeleko ya Mgongo Mtupu

Twa, twa, twa.

Katarina aliisikia sauti hiyo kabla hajafumbua macho. Haukuwa mchi wa kutwangia mpunga. Mchi hulia kwa kishindo kikavu. Hiki kilikuwa kitu kibichi, chenye maji, kinapigwa pole pole nyuma ya nyumba. Akanyanyuka, akachungulia dirishani.

Mama mkwe wake, Balbina, alikuwa amepiga magoti mbele ya gogo, anaponda maganda ya mgomba mwitu kwa rungu, na nyuzi nyeupe zimeanza kujitokeza. Mgomba ule hauzai ndizi za kuliwa, wala hauoti bondeni. Huota kwenye miamba ya milima iliyo juu ya mto Lumemo, huku mmoja, kule mmoja, na anayeutaka sharti apande akaufuate. Ndipo Katarina alipojua kwa nini mama mkwe alishinda hayupo juzi, akarudi jioni akichechemea, bila kusema alikotoka.

Na kazi ya nyuzi zile akahisi anaijua. Katika ukoo wa kina Katarina, upande wa Mahenge, mama mkwe anayemkataa mke wa mwanawe hapigi kelele. Husokota kamba imara, akaitundika mlangoni. Mke akiiona, hufunga mzigo wake akaenda zake. Shangazi yake Yosefina alirudishwa hivyo hivyo. Na yeye je, kwa nini asirudishwe? Mwanawe wa pekee, Kasmiri, alikufa kwa homa kabla hajaota jino. Mumewe Donati yuko manamba, anakata mkonge Kilosa, hata kaburi hajaliona. Tangu mazishi Balbina hakuwahi kumtazama usoni. Majirani waliozoea kumwita mama Kasmiri sasa walimwita "dada" tu, wakilikwepa lile jina kama shimo njiani.

"Hanitundikii mtu kamba," alijisemea. "Nitatoka kwa miguu yangu."

Alivumilia wakati nyuzi zikianikwa na kusokotwa. Asubuhi moja alipoona kwa mbali mama mkwe ameweka kazi chini, ameinuka kujinyoosha mgongo, alijua imekwisha. Akafunga nguo zake kwenye kanga, akapitia mlango wa nyuma, akachapua mguu mpaka mto Kilombero, kwenye kivuko cha kwenda kwao.

Severini, mpiga kasia, alimpokea kwa mzaha wake wa kila siku. "Karibu, bibie! Mzigo mwepesi hivyo, umetoroka au umefukuzwa?"

Abiria wakacheka.

"Vusha watu, Severini. Acha mdomo."

"Haya! Umenikata ulimi na kasia sijalishika."

Katarina alikuwa ameshaweka mzigo mtumbwini, mguu mmoja majini, iliposikika sauti kutoka juu ya ukingo.

"Mama Kasmiri! Mama Kasmiri weee!"

Mwili wake uligeuka kabla yeye mwenyewe hajaamua. Balbina alikuwa anateremka, kilemba kimemwangukia shingoni, goti limemvimba.

"Unakimbia nini, wewe? Unataka nife njiani?"

"Shikamoo, mama. Nimekupunguzia kazi. Kamba yako kaa nayo."

"Kamba gani?"

Balbina akatoa kitu kwapani, akakikunjua. Haikuwa kamba. Ilikuwa mbeleko, pana, laini kama ngozi ya mtoto, na ukingo wake umesukwa kwa nyuzi zilizotiwa weusi wa matope ya mto.

"Ukoo wetu sisi," alisema huku akihema, "mama aliyezika mtoto hatumwachi na mgongo mtupu. Tunamfunga mbeleko, anatembea nayo mpaka mwili wenyewe ukubali kuwa mtoto hayupo. Mimi nilifungwa nilipomzika mtoto aliyemtangulia Donati. Ulidhani nasokota nini?"

Katarina akaugusa ule ukingo mweusi. Akauliza, "Mbona hunitazami, mama?"

"Nikikutazama nalia. Na bibi zetu walikataza kulia mbele ya mama mfiwa. Sasa nimeshindwa. Geuka."

Akamfunga pale pale, matope yakiwafika kwenye vifundo vya miguu. Mbeleko ikakaa mahali palepale ulipokuwa ukikaa uzito wa Kasmiri, na uzito haukuwapo. Katarina akalia jinsi ambavyo hakulia makaburini. Mtumbwini hakucheka mtu. Severini alilaza kasia magotini, akatazama maji.

"Ukitaka kuvuka, vuka," Balbina alisema. "Kwenu ni kwenu, na sitakusema vibaya. Nyasi za masika zimelifunika kaburi. Nitalipalilia mwenyewe. Mlima siuwezi tena, ila jembe bado."

Katarina akaitazama mikono ya mama mkwe iliyokuwa bado ikivuta ncha za mbeleko. Ilikuwa imechanwachanwa na miamba, ukucha mmoja haupo. Akainama, akautoa mzigo wake mtumbwini, akauweka kichwani.

"Mama," alisema, kwa sauti ambayo hata waliokaa mbele mtumbwini waliisikia, "kaburi la Kasmiri tutalipalilia wote wawili. Na siku ukishindwa kuinama, nitalipalilia mimi, wewe umekaa kando yangu. Sikuachi."