Neno la Mwenye Nyumba

Wewe umewahi kumwona mtu akitukanwa kwa wimbo, akacheka mpaka kinywaji kikamtoka puani, kisha akainuka kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso? Sisi wa Addis Ababa tumekulia humo. Mtaa wetu ulikuwa na nyumba za waimbaji mlango kwa mlango. Ukitoka kwa huyu unaingia kwa yule, na harufu ya majani mabichi yaliyotandazwa sakafuni inakupokea. Mimi nilikuwa mpika tej, pombe yetu ya asali, nyumbani kwa Bafena, na tej yangu haikuwa na mpinzani.

Mgeni mwenye neno lake kwa mtu halisemi mwenyewe. Anamnong'oneza mwimbaji, naye analiimba kwa zeze la uzi mmoja, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Yirdaw, mwimbaji wetu, aliwaposea watu, aliwapatanisha, aliwasema wachoyo mbele ya wake zao. Bafena tu ndiye hakuwahi kunong'ona. Mwenye nyumba hatoi neno, asije akayafunika ya wageni wake.

Kisha baa za barabarani zikaleta spika kubwa, nyumba zetu zikafungwa moja moja, na mwisho mtaa mzima ukaambiwa uhame, unabomolewa. Bafena akapewa makao ghorofani, mbali huko. Yirdaw akatangaza kwamba anarudi kwao Gondar kwa kaka yake, akalime.

Bafena namjua. Alikuwa anafuta chupa ile ile tangu asubuhi. Nikamwambia kama anamtaka Yirdaw asiende, amwambie. Akanijibu kwamba mwanamke wa umri wake haanzi kuomba mwanamume, na kwamba mimi nikae na mtungi wangu.

Mchana wa kuaga, wateja wa zamani walijaa, wengine na fimbo za kutembelea. Yirdaw akawapitia mmoja mmoja na zeze lake. Kwangu aliimba kwamba tej yangu imevunja ndoa nyingi kuliko mahakama. Nikamwambia ingevunja na yake, angekuwa nayo. Nyumba nzima ikacheka, isipokuwa Bafena.

Yeye alivua aproni, akaikunja vizuri, akaja kuketi kwenye kigoda cha wageni. Akamwita Yirdaw kwa kidole, akamnong'oneza. Yirdaw akainua upinde wa zeze, akaushikilia hewani, akaushusha.

"Hili siliimbi, mwenye nyumba."

"Umeimba neno la kila mlevi wa mji huu," Bafena akasema, "langu ndilo linakushinda?"

"Ya walevi niliyaimba kwa sababu wakiamka wanayakana. Hili sitaki ulikane. Liseme mwenyewe."

Bafena akaniangalia. Mimi nikainamia mtungi wangu, kama alivyoniagiza. Akalivuta shuka lake jeupe, akalitandaza vizuri mabegani, kona kwa kona, kama anayejiandaa kwenda kanisani.

"Yirdaw, usiende Gondar," akasema, kwa sauti ya kufika mpaka mlangoni. "Twende wote ghorofani. Wageni watapanda ngazi, watazoea. Nataka uimbe kwangu, na wakishaondoka wote nikafunga mlango, nataka uwe ndani."