Kikwembe Kilichoitwa Tutarudi

Goretti alikuwa fundi cherehani, na fundi wa Bukavu haambiwi jambo mara mbili. Kwa hiyo Reine, mjukuu wake wa miaka kumi, aliporudi kutoka shule akasema, "Koko, niko kwenye ballet! Show ni mwezi wa tano," yule bibi hakuuliza swali hata moja. Alipiga vigelegele mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Na agonge! Kuta za ghorofa ile ya Hopkins, huku ughaibuni, zilikuwa zimeshiba kelele za mbwa. Wacha zionje na furaha kidogo.

Maana ballet aliijua, jamani. Nani angemfundisha Goretti ballet? Kule Kadutu, mtaa wao wa Bukavu, parokiani, ballet ilikuwa wasichana kumi na wawili, ngoma tatu, njuga miguuni, na viuno kama havina mfupa. Mwaka wa tisini na nane, vita vilipoziba barabara zote, yeye ndiye aliyewavalisha. Uzi ulikuwa wa kuokoteza. Lastiki haikuwepo kabisa, akakata tyubu ya baiskeli vipande vyembamba, akavipitisha kiunoni mwa sketi, na zikashika! Watu hudhani wakati wa vita wanawake huvaa magunia. Wapi! Bunduki zililia usiku kucha, na asubuhi akina mama wa Kadutu wakapita na nguo zilizonyooshwa kwa pasi, vilemba juu, utadhani wameitwa harusini.

"Wakitukuta tumekufa," alikuwa akisema Nabintu, mdogo wake Goretti, "basi watukute tumependeza."

Kitenge wao hukiita kikwembe, na kikwembe hakiuzwi bila jina. Wamama wa sokoni ndio wanaokibatiza. Mwaka ule kilikuja kimoja cha buluu chenye ndege weupe wanaoruka makundi makundi, na kwa kuwa nusu ya mji ilikuwa imekimbia, wakakiita Tutarudi. Ballet nzima ilishonewa hicho. Kilichobaki, Goretti na Nabintu walikigawana siku Goretti alipoondoka na watoto, mita tatu huyu, mita tatu yule. Siku atakayorudi wangevaa wote wawili, wapite sokoni polepole, watu waseme. Goretti alikibeba kambini Uganda, akakibeba kwenye ndege, akakilaza chini kabisa ya sanduku lake. Mkasi haukukigusa.

Kisha, mwaka huu wa show, mwezi wa pili, Bukavu ikatekwa tena. Nabintu alipiga simu, anaongea chini chini.

"Tuko wazima, yaya, dada yangu. Tumejifungia. Kurudi, usikuwaze tena."

Kwa siku tatu Goretti alishona na kufumua kile kile. Ya nne ndipo Reine alipokuja na habari ya ballet. Basi bibi akafungua sanduku, akatandaza Tutarudi juu ya meza, akafanya ishara ya msalaba, akakata. Maji yakimwagika hayazoleki. Alishona kwa siri, wiki tatu, sketi yenye mkanda mpana kiunoni na libaya, yaani blauzi, ya mikono ya puto, na alikuwa akiimba. Euphrasie, mkwe wake, mama yake Reine, alikuwa akirudi kutoka kazini kwenye nyumba ya wazee kule Golden Valley amechoka hoi. Hakuona chochote.

Jumamosi ya onyesho, Goretti aliingia nyuma ya jukwaa na mfuko wake kifuani. Akasimama. Wasichana wote walikuwa wamevaa nyeupe pepepe, nywele zimebanwa hadi macho yamevutika, na viunoni wamevishwa kitu kama neti ya mbu. Walikuwa wakitembea kwa ncha za vidole, kama watu wanaovuka matope ya Kadutu na viatu vya misa.

"Ngoma ziko wapi?" aliuliza.

Reine aliutazama mfuko, akaiona ile buluu. "Koko, no," alisema. "Hiyo si ballet. *Hii* ndiyo ballet."

"Miaka mingapi nimevalisha ballet, na wewe uje unifundishe?"

Euphrasie alikuwa ameshaichomoa ile sketi. Akaigeuza, akawaona wale ndege, akashika mdomo. "Mama! Umekata Tutarudi?"

Goretti alitamani ardhi ipasuke immeze. Kilichomuuma si aibu. Aliitunza nguo ile miaka ishirini na kitu kwa ajili ya siku moja, akaitoa kwa ajili ya siku nyingine, na sasa hata hiyo nyingine haikuwepo. Ilikuwa imekatwa bure. Nabintu angeambiwa nini?

Akawa anarudisha sketi mfukoni aliposikia *trrr*. Reine alikuwa ameinama kufunga kiatu, na zipu ya mgongoni imeachia kutoka juu hadi chini. Gauni lilikuwa la kukodi, na wahenga hawakukosea: nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwalimu wao, mama mmoja mwembamba, alikimbia kutafuta pini, akarudi mikono mitupu. Bado vikundi viwili tu zamu yao ifike. Reine akaanza kulia kwamba hatoki, hatoki kabisa.

"Nyamaza," Goretti alisema. "Simama wima. Usipumue sana."

Sindano alikuwa nayo, imechomekwa kifuani penye kitenge chake kama siku zote. Akafumua mkanda wa ile sketi ya buluu kwa meno, akaupitisha mgongoni mwa lile gauni jeupe, akashona upande huu, akashona upande ule, mishono mikubwa ya haraka ya wakati wa vita. Vidole vilikuwa havijasahau. Akakata uzi, akampiga mtoto kofi dogo la matakoni.

"Nenda."

Kutoka pembeni aliwaona wakicheza. Hakuna ngoma, hakuna njuga, kinanda tu kinalia peke yake. Haya ndiyo nini, alijiuliza. Kisha Reine akazunguka, akaruka, na mgongoni mwake ukaonekana mstari wa buluu, na ndege watatu weupe wanaruka naye. Goretti hakujua alipoanzia. Vigelegele vilimtoka ukumbi mzima ukiwa kimya. Vichwa mia mbili vikageuka. Reine, kule jukwaani, alijitahidi asicheke, akashindwa.

Kwenye gari jua lilikuwa bado kali. Reine alikuwa na ule mkanda mapajani, ameshaufumua kwenye gauni.

"Koko, naweza ku-keep hii?"

"Ni yako. Ina jina lake."

"Jina gani?"

"Tutarudi."

Reine alifikiri kidogo. "Yes," alisema, "tutarudi. Mwaka kesho, ukumbi ule ule. Na wewe uje na sindano."

Euphrasie alicheka huku akiendesha. Goretti hakucheka. Miaka yote neno lile lilikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda. Machozi yakamshuka, akayaacha.

"Ndiyo, mama," alimjibu mjukuu wake. "Tutarudi."

Kabla hawajashuka Goretti alitoa simu, akabonyeza kurekodi ujumbe, akaileta mdomoni.

"Nabintu, mdogo wangu, changu nimekikata. Kimeingia kwenye ballet, nitakueleza. Wewe chako usikikate."