Alama Zilezile

Earlene alimfunga mumewe vifungo vya shati, kisha akainama kumfunga kamba za viatu. Dwight Hollowell alikuwa akiitazama mikono yake, mikono iliyorusha pasi nyingi kuliko za mchezaji yeyote wa ligi ya mpira wa Kimarekani.

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Kwa watu wa mfuko wa wachezaji wastaafu. Si nimekwambia sasa hivi?"

"Najua. Nilikuwa nakupima tu."

Wakacheka. Juma lililopita Dwight aliacha jiko likiwaka, akatoka nje kwenye theluji na soksi tupu. Mfuko ukikubali kwamba mpira ndio uliomharibu ubongo, wangepewa mtu wa kushinda naye. Ukikataa, Earlene angeacha kazi yake ya kupika shuleni, au awe anamfungia ndani kila asubuhi kama kuku.

Mlangoni mwa ofisi, katikati ya Pittsburgh, mlinzi mmoja mzee alimkazia Dwight macho.

"Bingwa, mimi shabiki wa Cleveland. Ulitutesa miaka yote ile. Sijakusamehe."

"Nyinyi mlikuwa mnakaba kama wanakwaya."

Mlinzi alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu, bila kuombwa, akaleta kiti na kuzima taa iliyokuwa ikimuumiza Dwight macho.

Daktari alimsomea maneno, akamtaka ayarudie. Alikumbuka machache. Alipoambiwa achore saa, jasho lilimtoka. Mchana wakaitwa na Bi Kessler, mwanamke aliyeshughulikia madai, aliyekuwa na majibu kwenye kompyuta yake.

"Samahani, ombi limekataliwa," alisema. "Bwana Hollowell alifanya mtihani huuhuu alipoanza kucheza, akiwa kijana. Alama za leo ni zilezile. Kwa hiyo hajapungua kitu."



"Ule wa kwanza nilikosea makusudi," Dwight akasema. "Sote tulikosea. Ukipata alama za juu, siku ukigongwa kichwa wanakupima tena, wanaona umeshuka, wanakutoa uwanjani. Ukianzia chini hawaoni kitu. Kocha ndiye aliyetufundisha."

"Anaweza kuthibitisha?"

"Keshakufa."

"Mwaka uleule alivunja rekodi," Earlene alisema. "Alikuwa anabeba kichwani mipango yote ya mchezo, ya kwake na ya wenzake. Mtu wa alama hizo angeweza?"

Bi Kessler alitazama mlango, akashusha sauti.

"Mama, mimi nakuamini. Lakini msiyaandike hayo popote. Watasema aliidanganya ligi, na hata hiyo pensheni ndogo wataichukua."

Akamsogezea boksi la karatasi laini. Earlene akatoa moja, akamfuta mumewe jasho shingoni, akamshika mkono wakatoka.

Kwenye lifti Dwight alimgeukia.

"Nimefaulu?"

Earlene alimtazama. Ya ofisini yalikwisha kumtoka akilini.

"Umefaulu, baba."

"Si nilikwambia?" Akanyoosha mabega, na alipopita kwa mlinzi akampigia saluti.

Ndani ya gari Earlene alimfunga mkanda, akangoja mpaka alipolala. Ndipo akampigia simu msimamizi wa jikoni, akamwambia kesho asimpange zamu, wala keshokutwa, na kama ana mtu mwingine, amchukue.